Kalamu Kwanza, Kamera Baadaye

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa Kasulu na Kibondo



 Tunajua kazi za shamba zinawangoja, na tunajua kwamba mtu haachi maharage yake bure. Kwa hiyo tutasema mambo yenye faida.

Leo tunazungumza juu ya kazi ya kuandika na kutengeneza filamu. Wengine mmecheka mliposikia. Mmesema, "Filamu ni mambo ya Dar es Salaam. Sisi watu wa Makere na Kifura yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu sana. Vijana wetu wanayo simu mkononi. Wanatazama filamu kila siku. Wengine wanataka kuingia katika kazi hiyo. Basi kijana anamwambia mama yake auze mbuzi, apate nauli na fedha ya kumlipa mtu wa mjini aliyemwahidi kumfanya mwigizaji. Mbuzi anauzwa. Kijana anapanda basi. Baada ya miezi michache anarudi, na mara nyingine harudi. Mbuzi amekwenda na filamu haikuonekana.

Je, tuwakataze vijana? Hapana. Filamu ni kazi halali kama useremala na ufundi cherehani. Lakini kila kazi ina mlango wake. Anayepita dirishani huumia.

Jambo tunalotaka mlishike leo ni hili: kazi ya filamu haianzi kwenye kamera. Inaanza kwenye karatasi. Na karatasi na kalamu mnavyo. Mlipojifunza kusoma na kuandika, mlipata chombo cha kwanza cha kazi hii. Tena ndicho chombo kinachomlinda mgeni asidhulumiwe.

FILAMU SI JAMBO GENI KWETU

Watu wanadhani filamu zilianza juzi. Sivyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na kituo cha kutengeneza filamu pale Vugiri, katika milima ya Usambara, karibu na Korogwe. Walitengeneza filamu kama 35. Kisha walizitembeza kwa lori Tanganyika na nchi jirani, wakizionyesha kwa watu usiku.

Filamu mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta. Wafanyakazi wawili wanapokea mshahara. Mmoja anafukia fedha zake ardhini, mwizi anazichukua. Mwingine anaweka akiba posta, fedha zake zinabaki salama. Hadithi ni fupi, na mtazamaji anaielewa mara moja.

Walioigiza katika filamu zile walikuwa Waafrika. Waafrika wengine walifundishwa kazi ndogo za kusafisha picha. Lakini nani aliamua hadithi iseme nini? Nani aliandika? Hawakuwa Waafrika. Sisi tulikuwa watu wa kupigwa picha na watu wa kufundishwa.

Sasa fikirini. Miaka hiyo wazee wetu wengi wa Uha walikuwa wakisafiri mbali mpaka Tanga, jirani na Vugiri, kukata mkonge. Waliitwa manamba. Wengine walikaa huko miaka mingi. Wengine walizikwa huko. Hadithi ya manamba wa Kasulu aliyeacha mke na watoto, akarudi akiwa mzee na sanduku la mbao, hiyo ni filamu kubwa. Lakini wenye kamera wa wakati ule walikuwa na shabaha yao. Walitaka kumfundisha Mwafrika. Hawakukaa chini kumsikiliza.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1968 Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania. Wazee mnakumbuka gari la sinema lilipofika: watoto walikimbia nyuma yake, na jioni kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani. Miaka ya 2000 shirika la FilmAid lilionyesha filamu kwenye skrini kubwa katika kambi za wakimbizi za mkoa wetu. Halafu vikaja vibanda vya video mjini, na sasa simu.

Kwa hiyo kutazama tumetazama sana. Kuandika ndiko tuko nyuma. Na hapo ndipo tunapotaka kuanza.

WENGINE WALIANZAJE?

Tutawaeleza habari za watu watatu. Sikilizeni kila mmoja alianza na nini.

Wa kwanza ni Steven Kanumba. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, si Dar es Salaam. Hakuanza akiwa na jina. Aliingia katika kundi la maigizo la Kaole, wakawa wanaigiza michezo ya televisheni. Katika kundi alijifunza kazi, kisha akaanza kutengeneza filamu zake mwenyewe na kushirikiana na waigizaji wa Nigeria. Alipofariki mwezi Aprili 2012, akiwa na miaka 28, maelfu ya watu walijaa barabarani kumzika. Tunajifunza nini? Mgeni katika kazi hii anahitaji kundi. Mtu mmoja hatengenezi filamu, kama vile mtu mmoja hajengi nyumba ya matofali kwa siku moja.

Wa pili ni Isaac Nabwana, jirani yetu wa Uganda. Anaishi Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini katika Kampala. Alikuwa akifyatua matofali. Kompyuta aliiunga mwenyewe kwa vipuri vya zamani. Bunduki za filamu zake zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, na majirani zake ndio waigizaji. Mwaka 2010 alitengeneza filamu iitwayo Who Killed Captain Alex? Inasemekana gharama yake haikufika dola 200 za Marekani. Leo filamu hiyo imetazamwa dunia nzima. Lakini kuna funzo la pili. Kompyuta yake ilijaa, akafuta picha za asili ili apate nafasi ya kutengeneza filamu nyingine. Zile picha safi za kwanza hazikupatikana tena, ikabaki nakala tu. Basi mshike hili pia: kazi yako iweke mahali pawili.

Wa tatu ni Amil Shivji, Mtanzania mwenzetu. Mwaka 2021 filamu yake ya Vuta N'kuvute ilionyeshwa katika tamasha kubwa la Toronto, nchini Kanada. Filamu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika kitabu. Ni riwaya ya Kiswahili ya Adam Shafi, mwandishi wa Zanzibar. Mtu alikaa na kalamu kwanza. Miaka ikapita. Kamera ikafuata.

Mnaona? Mmoja alianza na kundi, mmoja na vyuma chakavu, mmoja na kitabu. Hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kumlipa mtu amfanye maarufu.

MSWADA WA FILAMU NI NINI?

Maandishi ya filamu huitwa mswada. Mswada unaeleza tutaona nini na tutasikia nini, toka mwanzo mpaka mwisho. Ni kama ramani ya nyumba kwa fundi. Fundi asiye na ramani humaliza matofali kabla ya kufika kwenye linta.

Watu wa kazi hii wana kipimo chao. Ukurasa mmoja wa mswada ulioandikwa kwa utaratibu wao huwa karibu dakika moja ya filamu. Ukitaka filamu ya dakika tano, andika kurasa kama tano. Daftari moja la shule linatosha kwa filamu nyingi fupi.

Kanuni ya kwanza ni hii: andika kinachoonekana na kinachosikika. Kamera haiingii moyoni mwa mtu. Ukiandika, "Mama alikuwa na wasiwasi," mpiga picha atapiga nini? Wasiwasi hauna sura. Lakini ukiandika kwamba mama anafungua fundo la kanga yake, anahesabu noti, kisha anafunga tena fundo na kukaza, kila mtu ataelewa.

Tazameni mfano huu mfupi. Tumeuandika kwa ajili yenu.

ONYESHO LA 1. NJE. UANI. ASUBUHI.

Mama amekaa kwenye kigoda. Anachambua maharage kwenye ungo. Mbuzi mmoja amefungwa kwenye mparachichi. Kijana anatoka ndani. Amevaa viatu vya safari. Anasimama karibu na mbuzi.

KIJANA: Mama, basi linaondoka kesho alfajiri.

MAMA: (hainui uso) Ugali uko jikoni.

KIJANA: Yule bwana wa Dar amepiga simu tena. Anasema imebaki nafasi moja tu.

MAMA: Umemwona kwa macho?

KIJANA: Tunaongea kwenye simu, mama.

MAMA: Mbuzi huyu, mwanangu, mimi nilimwona ndipo nikamnunua.

Kijana anainama. Anaanza kufungua kamba. Mkono wa mama unasimama ndani ya ungo. Maharage machache yanaanguka chini. Mama hayaokoti.

Mwisho wa onyesho.

Haya. Je, kuna mahali tulipoandika kwamba mama ana huzuni? Hakuna. Lakini mmeiona. Mama asiyeokota maharage yaliyoanguka, huyo ana jambo. Nanyi mnalijua kwa sababu nyote ni watu wa maharage. Hapo ndipo mtu wa Kasulu anapomshinda mwandishi wa mjini. Mwandishi wa mjini hajui maana ya maharage kubaki chini.

Tazameni pia jinsi tulivyoanza. Tumeandika mahali, na kama ni ndani au nje, na wakati. Jina la mtu tunaliandika kabla ya maneno yake. Vitendo tunavieleza kwa sentensi fupi. Basi, huo ndio utaratibu. Si uchawi.

Kanuni ya pili: mtu mmoja anataka kitu, na kuna kinachomzuia. Kijana anataka kwenda. Mama anazuia, lakini hataki kumvunja moyo. Mtazamaji anajiuliza, "Mbuzi atauzwa au hatauzwa?" Hataondoka mpaka ajue. Kama hakuna swali katika hadithi yako, watu watainuka waende zao.

Kanuni ya tatu: watu wako wawe kama watu kweli. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati. Ndani yake alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Mchezo ulifundisha uzazi wa mpango na hatari ya UKIMWI. Lakini watu hawakusikiliza kwa sababu ya mafundisho. Walisikiliza wapate kujua Mkwaju amefanya nini tena. Mafundisho yalipita katikati ya hadithi kama chumvi katika mchuzi. Ukiweka chumvi peke yake kwenye sahani, nani atakula?

TUANDIKE JUU YA NINI?

Vijana wengi wanapoanza kuandika wanaandika juu ya majumba makubwa, magari ya fahari na bastola. Nyumba hizo hawajaziingia. Gari hilo hawana mahali pa kuliazima. Filamu inakwama kabla ya kuanza.

Andika unachokijua. Nyanda zetu za juu zina hadithi ambazo hazijaandikwa.

Kuna habari za manamba, tumezitaja. Kuna habari za Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru kabla ya Uhuru. Kuna mwaka 1972, mwaka wa Operesheni Kigoma, watu walipohamishwa kwenda vijijini; nyote mna mzee nyumbani anayekumbuka siku alipoacha kiwanja chake. Mwaka huo huo wakimbizi wengi wa Burundi walivuka mpaka kuja kwetu, na wengine wakaja tena mwaka 1993 na 2015. Wakongo walianza kukaa Nyarugusu mwaka 1996. Kuna mapenzi yaliyoanza kisimani kati ya mtu wa kambini na mtu wa kijijini. Kuna warina asali wa Kibondo wanaolala porini. Kuna shamba la marehemu linalogombaniwa na ndugu. Kuna mjane anayejifunza kusoma, na siku moja anasoma mwenyewe hati ambayo miaka yote alisomewa vibaya.

Hiyo ya mwisho mnaionaje? Mnaijua, siyo? Basi iandikeni.

Ila kuna adabu yake. Habari za mtu ni mali yake. Ukitaka kutumia maisha ya mama fulani, mwombe ruhusa kwanza. Badili majina na mahali kama jambo ni la aibu au la hatari. Usimpige mtoto picha bila ruhusa ya mzazi. Na katika kambi za wakimbizi usiingie na kamera bila kibali cha wakuu wanaohusika. Huko kuna sheria zake, na kuna watu ambao sura zao zikionekana wanaweza kudhurika.

JARIBU FILAMU YA DAKIKA TANO

Mswada ukiwa tayari, usikimbilie kamera. Usome kwa sauti mbele ya watu kumi. Kaa uwatazame. Wakipiga miayo, hapo pana kasoro. Wakicheka mahali pasipo pa kuchekesha, hapo pia. Sahihisha. Karatasi ni rahisi kusahihisha. Picha iliyokwisha kupigwa ni ghali.

Kisha tengenezeni filamu ya dakika tano kwa simu. Siku hizi simu nyingi za vijana zinaweza. Mwaka 2022 Kasulu na Kibondo ziliunganishwa na gridi ya taifa, na penye umeme kuchaji simu si kazi kubwa kama zamani. Shikeni haya machache:

Ilaze simu, usiisimamishe, maana skrini za kuonyeshea ni pana. Iegemeze kwenye kitu, picha isitetemeke.

Piga picha asubuhi au jioni. Jua la saa sita mchana huweka kivuli cheusi machoni.

Jihadharini na sauti. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini asiposikia maneno anaondoka. Weka simu ya pili karibu na anayesema irekodi sauti. Upepo, jogoo na mvua juu ya bati vitawaharibia kazi.

Gawaneni kazi. Mwingine aongoze, mwingine apige picha, mwingine ashike mswada na kuangalia kwamba aliyevaa shati jekundu jana hajavaa la bluu leo.

Kabla hamjaanza, muulizeni Afisa Utamaduni wa wilaya juu ya kibali. Nchi yetu ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, na iko Bodi ya Filamu. Filamu inahitaji kibali kabla ya kupigwa picha na ukaguzi kabla ya kuonyeshwa kwa watu. Na katika maombi ya kibali utatakiwa kuonyesha nini? Mswada. Mnaona tena? Hata mlango wa Serikali unafunguliwa kwa maandishi.

FEDHA NA MIKATABA

Sasa tufike kwenye fedha, maana hapo ndipo watu wetu wanapoumia.

Filamu za Kiswahili zilipoanza kuuzwa kwenye kanda na sahani miaka ya 2000, soko lilikuwa Kariakoo. Watengenezaji wengi waliuza filamu kwa msambazaji pamoja na haki zote. Walilipwa mara moja, basi. Filamu ikauzwa nchi nzima na nchi jirani, mwenyewe hapati kitu tena. Wengine walikuwa watu maarufu kwa sura, lakini hadithi zao zilikuwa mali ya mtu mwingine. Walitia sahihi bila kusoma, au walisoma bila kuuliza.

Kwa hiyo jueni sheria hii. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Ukiandika hadithi yako, ni mali yako tangu ilipoandikwa. Inalindwa muda wa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Wajukuu wako wanaweza kufaidika. Lakini sheria hailindi wazo lililo kichwani au lililosemwa tu kilabuni. Inalinda kilichowekwa katika umbo lake, kama maandishi. Ukimsimulia mtu hadithi yako yote kwenye basi, naye akaenda kuiandika, utashtaki kwa ushahidi gani? Andika kwanza. Weka tarehe. Weka nakala. Ukiweza, isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uwe na ushahidi.

Mtu akitaka kununua mswada wako, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Chukua mkataba nyumbani. Usome pole pole. Jiulize: Ninauza nini? Ni filamu moja, au hadithi yote milele? Nitalipwa kiasi gani, na lini? Ikionyeshwa kwenye televisheni au nchi nyingine, nitapata fungu? Jina langu litaandikwa? Neno usilolielewa liulize. Anayekukataza kuuliza amekwisha kujieleza.

Tena sikilizeni, wazazi na mabinti. Mtu wa kweli wa filamu hakuombi fedha ya fomu, fedha ya usaili wala fedha ya kukutambulisha kwa mkubwa. Akikuomba fedha kabla ya kazi, mwache. Na mtu akisema nafasi inapatikana kwa kulala naye, huo si usanii, ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja. Nenda TAKUKURU. Binti akija kusema jambo hilo nyumbani, mzazi asianze kumlaumu. Ukimlaumu mara ya kwanza, mara ya pili hatasema.

JE, MTU ATAISHI KWA KAZI HII?

Hatutawadanganya. Wachache wanaishi kwa kuandika filamu peke yake. Wengi wanachanganya. Kijana wa Kasulu mjini anaweza kuanza kwa kupiga picha za video za harusi na mahafali. Hapo anajifunza kamera na kukata picha, na analipwa. Mwingine anaandika michezo ya redio. Mwingine anaandikia tamthilia za televisheni, maana vituo vyetu vinaonyesha tamthilia nyingi za Kiswahili, na kila tamthilia inakula maandishi kama ng'ombe anavyokula majani. Mwenye kutaka chuo, kiko Bagamoyo, TaSUBa, kilichoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Na mwenye filamu nzuri, hata fupi, liko tamasha la Zanzibar linaloitwa ZIFF, lililoanza mwaka 1998. Aombe huko filamu yake ichaguliwe.

Lakini shamba lisiachwe. Usiuze jembe ili ununue kamera. Jembe ndilo litakalokulisha ukiandika mswada wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, ambao huenda hakuna atakayeununua. Wa nne utakuwa bora kwa sababu ya hiyo mitatu. Mkulima anaelewa jambo hili kuliko mtu mwingine. Hapandi leo akavuna kesho.

TUNAWAOMBA MFANYE HAYA

Kwanza, kila kikundi cha kisomo kichague hadithi moja ya kijiji chake. Pili, mzee asimulie na kijana aandike. Mzee ana hadithi, kijana ana simu, nanyi wahitimu mna kalamu. Vyote vitatu vikikutana, filamu imepatikana. Tatu, mwandike maonyesho matano tu, ukurasa mmoja kila moja. Nne, mkiisha, someni mbele ya kijiji siku ya mkutano. Hata kama kamera haitapatikana mwaka huu, hadithi itakuwa imewekwa.

Maana wazee wanaondoka, ndugu zetu. Aliyekata mkonge Tanga miaka ile karibu hayupo tena. Kijana aliyepanda basi kwenda kutafuta filamu Dar es Salaam alimpita mzee huyo barazani, akiwa na filamu nzima kifuani, hakumsalimu hata kumsikiliza.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika filamu ya akiba ya posta, wafanyakazi wawili walitofautiana nini? Hadithi hiyo ingeandikwa na mtu wa kijiji chenu, ingekuwaje?

2. Someni tena onyesho la mama na kijana. Mnadhani mbuzi aliuzwa? Andikeni onyesho la pili.

3. Andikeni sentensi tatu zinazoonyesha kwamba mtu ana njaa, bila kutumia neno "njaa".

4. Mtu wa mjini anataka kununua hadithi yenu yote kwa malipo ya mara moja. Mtamwuliza maswali gani kabla ya kutia sahihi?

5. Ni mzee gani kijijini kwenu ambaye hadithi yake haijaandikwa? Nani atakwenda kwake, na siku gani?